Mlango wa ofisi ya mchungaji utobolewe tundu la barua

Leo ukifika kanisani, kabla ya ibada au wakati mnada wa mazao ya sadaka ukiendelea pale nje, zunguka nyuma ukautazame mlango wa ofisi ya mchungaji au paroko wako. Usiingie, utazame tu. Huenda ni wa mninga au mvule, umepigwa vanishi, una kitasa na komeo la ziada, na umebandikwa karatasi yenye siku na saa za kuonana na mchungaji. Tuseme Jumanne na Alhamisi, saa nne asubuhi hadi saa saba mchana. Pembeni kuna benchi la kusubiria. Sasa jiulize: mtu asiyeweza kuja Jumanne saa nne, au anayeweza kuja ila hawezi kukaa kwenye lile benchi akaonwa na watu, humfikiaje mchungaji wake?

Pendekezo langu la Jumapili hii ni la kifundi zaidi kuliko la kiroho. Mlango huo utobolewe tundu la barua.

Waliowahi kuishi au kusoma Uingereza wanalijua. Ni upenyo mwembamba katikati ya mlango wa mbele wa nyumba, wenye kifuniko cha chuma kinachofunguka kwa kusukumwa na kujirudisha chenyewe. Mpeleka barua hagongi wala haiti hodi. Anasukuma bahasha, inaanguka ndani, anakwenda zake. Mwenye nyumba anaweza kuwa amelala au yuko kazini, na barua imefika.

Lakini milango ya Waingereza haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kabla ya mwaka 1840, mara nyingi aliyelipia barua alikuwa mpokeaji. Mpeleka barua aligonga, akasubiri, akadai pesa mlangoni, na wapo waliorudisha barua za ndugu zao kwa sababu hawakuwa na cha kulipa. Tarehe 10 Januari 1840 ilianza bei moja, peni moja, kwa barua nyepesi kwenda popote nchini humo, na Mei mwaka huohuo ikaanza kutumika stempu ya kubandika. Sasa gharama ililipwa na aliyetuma. Mhubiri anaweza kulichukua hilo akatoka nalo mahubiri ya dakika 40 kuhusu neema, na namruhusu. Mimi nimevutwa na jambo jingine. Baada ya malipo kuondolewa mlangoni, mpeleka barua bado alisimama akisubiri kwa sababu moja tu: mlango haukuwa na pa kupitishia bahasha. Mwaka 1849 posta yao ikaanza kuwahimiza watu watoboe milango. Wamarekani walichelewa zaidi. Barua zilianza kupelekwa majumbani katika miji yao Julai 1863, na kwa miaka karibu 60 wapeleka barua waligonga na kungoja, mpaka ikaonekana kwamba kila mmoja wao alikuwa akipoteza zaidi ya saa nzima kwa siku akisubiri kufunguliwa. Kuanzia tarehe 1 Machi 1923 kila nyumba ikatakiwa iwe na sanduku au tundu la barua, la sivyo haipelekewi kitu.

Unaposikia habari ya mtu kusimama mlangoni akingoja, bila shaka unamkumbuka Petro. Soma Matendo ya Mitume sura ya 12. Kanisa limekusanyika usiku nyumbani kwa Mariamu mama yake Yohana Marko, linamwombea Petro aliye gerezani. Petro ametolewa na malaika, amefika, anabisha. Kijakazi Roda anaitambua sauti yake, na kwa furaha anasahau kufungua, anakimbilia ndani kutoa habari. Walio kwenye maombi wanamwambia ana wazimu. Petro bado yuko nje, anazidi kubisha. Jibu la maombi yao limesimama barabarani, na wao wanajadiliana kama ni yeye au ni malaika wake.

Sisi huku hatukupita njia ya Waingereza. Kwetu barua haikuja nyumbani, tuliifuata. Mtu alikuwa na barua kwa S.L.P. ya shule, ya kiwanda, ya zahanati, na kwa familia nyingi vijijini ilikuwa S.L.P. ya misheni. Wakubwa mnakumbuka: baada ya matangazo ya Jumapili katibu alisimama na fungu la bahasha, akasoma majina. Mwana aliyekwenda kufanya kazi kwenye mkonge Tanga au migodini alizungumza na mama yake kwa kupitia kanisa. Kanisa lilikuwa tundu la barua la kijiji kizima, na hakuna aliyeliona kuwa jambo la ajabu. Siku hizi nyumba zetu zina namba. Februari 2022 ilizinduliwa operesheni ya anwani za makazi, na kabla ya sensa ya Agosti mwaka huo vibao vya namba vikawa vinabandikwa ukutani na nguzo zenye majina ya mitaa zinasimikwa. Nyumba ina namba, mtaa una jina, ila pa kutumbukiza bahasha hamna. (Isipokuwa kadi za mchango wa harusi. Hizo hupata upenyo kwenye geti lolote.)

Utaniambia sasa kuna simu, na namba ya mchungaji imeandikwa kwenye ratiba ya ibada. Ni kweli, na kwa mambo mengi inatosha. Msiba, ugonjwa, maandalizi ya ubatizo, piga simu. Lakini simu ya nani? Katika nyumba nyingi simu ya mama inashikwa na kila mtu, na meseji zake zinasomwa. Binti wa kazi za ndani huenda hana simu kabisa, au anayo na mwajiri wake ndiye anayeiweka. Kijana akimpigia mchungaji, jina lake linatokea kwenye kioo, na kama simu imeachwa mezani wakati wa kikao cha kamati ya ujenzi, wanakamati wote wamelisoma. Na kuhusu kundi la WhatsApp la jumuiya, huko ukiandika "naomba mniombee, nina shida nyumbani," ndani ya nusu saa utapata mikono 30 ya maombi na maswali manne ya udadisi.

Ngoja nikueleze ninayemfikiria zaidi, nawe utajua kama yupo kwenye usharika wenu. Ni mama ambaye mume wake ni mzee wa kanisa. Mume anaheshimika, anasoma somo la kwanza vizuri, anachangia. Nyumbani anampiga. Mama huyu hawezi kwenda ofisini Jumanne. Akienda, kwenye benchi atamkuta mzee mwenzake mumewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mama Upendo. Leo kulikoni mpaka ofisini? Baba Upendo anajua umekuja?"

Amekwisha. Swali hilo halikuulizwa kwa ubaya, ni salamu tu ya kwetu, lakini jioni litafika nyumbani kabla yake. Atajibu kwamba alikuja kuulizia cheti cha ubatizo cha mtoto, ataondoka, na itapita miaka mingine mitatu. Mchungaji naye atazidi kutangaza kwamba mlango wake uko wazi muda wote. Anasema kweli kwa jinsi anavyouona kutoka upande wa ndani.

Wapo na wengine. Mjane ambaye chakula kimekwisha na anaona aibu kusimama. Kijana mlevi anayetaka kuacha. Mtunza fedha wa kwaya aliyekopa kwenye mfuko na hajui aanzie wapi kurudisha. Hao wote wanaweza kuandika mistari mitatu kwenye karatasi ya daftari. Wasichoweza ni kuketi kwenye lile benchi.

Biblia inayo habari ya tundu, tena tundu lililotobolewa kwa makusudi ndani ya nyumba ya Mungu. Iko katika Wafalme wa Pili sura ya 12. Mfalme Yoashi aliagiza makuhani wapokee fedha za watu, kila kuhani kwa watu anaofahamiana nao, na wazitumie kukarabati hekalu. Ikafika mwaka wa 23 wa utawala wake, ufa uko palepale. Andiko halisemi makuhani waliiba. Linasema tu kwamba mabovu ya nyumba hayakutengenezwa, na nadhani utaratibu wenyewe ndio ulioshindwa: fedha ilipitia mikono ya watu wanaofahamiana. Ndipo kuhani Yehoyada alipochukua sanduku, akalitoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu, upande wa kuume mtu anapoingia. Lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja pamoja, wakahesabu na kufunga fedha mifukoni. Wakalipwa maseremala, waashi na wachonga mawe, na kazi ikaenda.

Kitabu cha Nyakati wa Pili, sura ya 24, kinaisimulia habari hiyo kwa namna inayonipendeza zaidi. Huko sanduku limewekwa nje, penye lango la nyumba ya Bwana, na watu wenyewe wanatumbukiza, tena kwa furaha. Na kuna maneno mawili ambayo wahubiri huyaruka: lilikuwa linaondolewa na kurudishwa mahali pake siku kwa siku. Siku kwa siku, msomaji. Ukiangalia sanduku la maoni la ofisi nyingi hapa nchini, kufuli limeshika kutu na hakuna anayejua ufunguo ulipo. Nalifahamu kanisa moja ambalo sanduku lake la maoni lilipofunguliwa lilikutwa na kiota cha mavu. Tundu la namna hiyo ni baya kuliko kutokuwa na tundu, kwa sababu aliyeandika anaamini amesikika. Atakaa akingoja, kisha atahitimisha kwamba mchungaji alisoma na akanyamaza.

Kwa hiyo kabla hujamwita fundi, kanisa liamue nani atafungua. Ningependa wawe wawili, kama ilivyokuwa kwa Yehoyada, na mmoja wao awe mwanamke, mtu mzima asiyejulikana kwa maneno mengi. Wafungue kila siku ofisi inapofunguliwa, na Jumapili baada ya ibada. Barua iliyoandikwa "kwa mchungaji mwenyewe" wasiifungue, wampe.

Na mchungaji afanye nini nayo? Kuna wafalme wawili wa Yuda waliopokea maandishi wasiyoyapenda. Hezekia alipata barua ya vitisho kutoka kwa mfalme wa Ashuru, akaisoma, akapanda nayo nyumbani mwa Bwana, akaikunjua mbele za Bwana. Yehoyakimu alisomewa gombo la Yeremia akiwa ameketi kwenye nyumba yake ya majira ya baridi, moto unawaka mbele yake. Kila kurasa tatu nne zilipokwisha kusomwa alizikata kwa kisu na kuzitupa motoni, mpaka gombo likaisha. Wote wawili walifikiwa na maandishi. Tundu likishatobolewa mlangoni, mchungaji naye atakuwa miongoni mwa wanaofikiwa, na ndiyo maana wengine hawatalipenda pendekezo hili.

Sababu watakayoitoa itakuwa nyingine. Watasema: utaleta majungu. Barua zisizo na jina, za kumchafua mwinjilisti, za kuchongea kwaya nyingine, za kupinga uchaguzi wa wazee. Hofu hiyo siidharau. Kule Venice, Italia, katika jumba la watawala wao wa zamani, bado kuna matundu ya barua yaliyochongwa ukutani mfano wa nyuso zenye midomo wazi. Raia walitumbukiza humo mashtaka ya siri dhidi ya wenzao. Watalii wanayapiga picha. Ni tundu lilelile, ila lilitobolewa kwa ajili ya kushtakiana, na kanisa likitoboa la namna hiyo litajuta.

Maandiko yanatupa mpaka ulio wazi. Paulo anamwagiza Timotheo, katika waraka wa kwanza sura ya 5, asikubali mashtaka juu ya mzee ila kwa mashahidi wawili au watatu. Na Bwana wetu, katika Mathayo 18, anamtaka aliyekosewa amwendee mwenzake wawili peke yao kwanza. Kwa hiyo hakuna mtu ahukumiwe kwa karatasi iliyookotwa sandukuni. Karatasi isiyo na jina yenye kumtukana mwinjilisti ichanwe, na itangazwe mapema kwamba zitachanwa. Tundu ninalolitaka ni la mtu kujisemea mwenyewe: nina shida, naomba kuonwa, nisipigiwe simu, mnitumie Mama Mchungaji siku ya Ijumaa baba akiwa kazini. Najua mstari kati ya kujisemea na kushtaki si mnyoofu. Yule mama akiandika anapigwa, amemtaja mume wake. Lakini hajaomba mumewe asimamishwe uzee Jumapili ijayo. Ameomba mtu aje. Aendewe, asikilizwe, na mashahidi watatafutwa baadaye kwa utaratibu.

Kuna barua ya aina moja ambayo mpaka huo hauihusu. Kama karatasi inasema mtoto anaumizwa, awe mtoto wa nani, na anayetajwa awe nani, isipelekwe kwenye baraza la wazee kusuluhishwa, wala isingojee kikao. Vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto, na simu ya kusaidia watoto ni 116, haina malipo. Kanisa halina kipawa cha upelelezi. Kazi yake hapo ni kupeleka habari siku hiyohiyo na kukaa karibu na mtoto. Mathayo 18 inasomwa vibaya sana inapotumika kumpeleka mtoto akazungumze "wawili peke yao" na mtu mzima aliyemdhuru. Sura hiyohiyo, aya chache juu yake, inataja jiwe la kusagia lifungwe shingoni.

Sasa kazi yenyewe, kwa maana nimesema ni ya kifundi. Seremala yeyote wa mtaani anaiweza. Apime mahali ambapo hakuna maungio ya fremu ya mlango, kwa sababu akikata kwenye maungio mlango utalegea. Upana wa sentimita 25 na kimo cha sentimita 4 vinatosha kwa bahasha ndefu ya kawaida bila kukunjwa. Upenyo usiwe karibu na kitasa. Polisi wa Uingereza hushauri umbali usiopungua sentimita 40, ili mwizi asiingize mkono au waya akafungua komeo au kunasa funguo. Achore mstari, atoboe kwa drili kwenye pembe nne, kisha akate kwa msumeno kutoka tundu hadi tundu. Asugue kwa msasa, na asisahau kupaka rangi au vanishi kingo za ndani za tundu. Mafundi wengi huliruka hilo kwa vile halionekani, na mvua ya masika ikipata mbao mbichi mlango unavimba. Kifuniko cha nje kiwe na springi kijifunge chenyewe, kisipige kelele. Kama mlango ni wa chuma, fundi wa kuchomelea atakata kwa grinda na kuchomelea ukingo usiokata vidole.

Kwa ndani bahasha isianguke sakafuni. Anayefagia Jumatatu ataiokota, na ni binadamu. Lifungwe sanduku dogo la mbao lenye kufuli, limegusana na mlango, upenyo kwa upenyo.

Mahali pa tundu pafikiriwe kuliko bei yake. Ikiwa mlango wa ofisi unatazamana na benchi la wazee, au uko chini ya taa ya mlinzi, tafuteni mlango mwingine, hata wa stoo ya viti, au ukuta wa upande wa choo cha akina mama, ambako mtu akionekana haulizwi amefuata nini. Chini yake iachwe kalamu iliyofungwa kwa kamba na karatasi chache. Na urefu kutoka chini: posta ya Marekani inataka usipungue inchi 30, yaani karibu sentimita 76, kwa ajili ya migongo ya wapeleka barua. Kwetu hakuna mpeleka barua wa kuinama, lakini hicho ni kimo ambacho mtoto wa darasa la pili anakifikia bila kupanda juu ya kitu. Mwambieni fundi aweke hapo, asipandishe.